Medali ya babu: mwongozo kamili wa kuisoma, kuisafisha na kuihifadhi bila kuiua

Medali inayong'aa kama sinia la harusi ndiyo inayonitia huzuni. Natumiwa picha karibu kila wiki, mtu kapata medali kwenye sanduku la bibi huko Kisauni au Likoni, kaisugua kwa ndimu na majivu mpaka unaweza kunyolea ndevu, halafu chini anaandika "kaka hii ni bei gani?" Namwambia nipigie picha pembeni, ule ukingo, si uso wala mgongo. Anapiga. Ukingo mtupu. Pale palikuwa na namba, cheo, jina na kikosi, sasa hapana kitu, yamekwenda na ndimu.

Basi hapa sitaki kuanza kueleza vita vilianza vipi. Nitaenda hatua kwa hatua, kila hatua na sababu yake, na ukifanya sawa utaona nini. Nimeandika kwa hewa yetu ya Mombasa, maana miongozo mingi iliyoko huko nje imeandikwa na watu wa baridi ambao hawajui mambo ya chumvi na kusi.

Kama ulichokuta ni bastola, soma hapa kwanza

Najua wengine wenu mnatafuta Webley, Luger, Mauser C96 na kadhalika. Ni vitu vizuri na mie navipenda, lakini kwa Kenya silaha iko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kuna Bodi ya Leseni za Silaha. Usijiamulie mwenyewe ati kwa sababu ni ya zamani au imeshika kutu basi haihesabiki.

Ukifungua sanduku la marehemu ukakuta bastola, risasi au kitu kama guruneti: usiiguse, usijaribu kuifungua, usiitie kwenye mkoba ukapanda nayo matatu kuipeleka kituoni. Toa watoto chumbani, funga mlango, piga simu polisi au pitia kwa chifu waje wenyewe. Risasi ya zamani haifi kwa uzee, na ukisimamishwa njiani nayo mkobani, maelezo yako hayatasikizwa upesi.

Medali, beji, vifungo vya sare na makaratasi ndivyo mtu wa kawaida anaweza kuweka nyumbani bila matatizo, na kwangu mie vina mambo mengi zaidi kuliko bastola. Bastola ina namba ya kiwanda. Medali ina jina la mtu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Vyote vinapatikana mjini, hakuna cha kuagiza ng'ambo.

- Glovu za mpira mwembamba wa naitraili, zile za duka la dawa. Jasho lina chumvi na asidi, alama ya kidole kwenye fedha inaweza kubaki miaka.
- Lenzi ya kukuzia, hata ile ndogo ya fundi saa.
- Tochi, au simu mbili: moja ya kumulika na moja ya kupiga picha.
- Rula ya milimita, na kama unaweza mizani ndogo ya gramu.
- Maji safi yaliyotoneshwa, yale wanayoongezea betri za gari. Hapa tahadhari jamani: kwenye vituo vya petroli wanauza maji ya betri na wanauza asidi ya betri, wakati mwingine chupa zimekaa pamoja na zinafanana. Soma lebo mara mbili.
- Sabuni ya maji ya kawaida isiyo na rangi wala manukato mengi.
- Brashi laini ya kuchorea, au mswaki wa mtoto mchanga. Si mswaki wako.
- Kitambaa cheupe cha pamba, kanga iliyochakaa ni nzuri sana maana imeshalainika, bora iwe haitoi rangi.
- Vijiti vya meno vya mbao. Ukipata mwiba wa nungu ndio bora kabisa, mgumu kuliko uchafu lakini laini kuliko chuma.
- Mifuko ya zipu ya nailoni isiyonuka, na silika jeli, ile punje inayokuja kwenye viatu vipya na mikoba.
- Daftari na penseli.

Na hivi hapa uviweke mbali kabisa: ndimu, ukwaju, majivu, mchanga, dawa ya meno, Brasso, steluulu, mafuta ya nazi. Nitaeleza kwa nini mbele.

Hatua ya 1: Usiguse kitu, piga picha

Kabla hujanyoosha, hujapangusa, hujatoa pini, piga picha kila kitu kama kilivyokutwa. Sanduku, kitambaa ilimofungwa, karatasi zilizokuwa karibu, mpangilio wa medali kama ziko kwenye ubao mmoja.

Sababu ni kwamba mpangilio wenyewe ni habari. Medali za mtu mmoja huitwa seti, na seti ikitenganishwa kuirudisha ni kazi ngumu, mara nyingi haiwezekani. Nimeona ndugu watano wakagawana medali tano za baba yao, kila mmoja moja, kwa nia njema kabisa, na leo mbili hazijulikani ziko wapi.

Umefaulu ukiwa na picha ambazo mtu asiyekuwepo anaweza kuziangalia akajua nini kilikuwa wapi.

Hatua ya 2: Jua ni medali gani

Wengi wanakosea hapa kwa sababu wanaangalia uso wa mfalme na kusema "ni ya Kingereza" basi. Hiyo haitoshi. Angalia mgongo, umbo na rangi za utepe.

Zinazotoka zaidi kwenye masanduku ya Pwani ni hizi.

*Vita vya kwanza.* Ya fedha, mviringo wa milimita 36, mbele George V kichwa kitupu bila taji, nyuma mwanamume uchi juu ya farasi na miaka 1914 na 1918. Hii ndiyo medali ya vita ya Uingereza. Utepe wake una rangi ya machungwa katikati, halafu nyeupe, nyeusi na buluu kwenda pembeni.

Ya pili ni ya shaba nyekundu-njano, ukubwa ule ule, mbele mwanamke mwenye mabawa, utepe kama upinde wa mvua mara mbili. Hii ni ya ushindi. Nyuma imeandikwa 1914-1919, na kila mwaka kuna mtu ananiambia "hii ni feki, vita viliisha 1918". Si feki. Silaha ziliwekwa chini Novemba 1918 lakini mkataba wa Versailles ulitiwa sahihi Juni 1919.

Halafu kuna nyota ya shaba yenye taji juu na mwaka 1914-15 katikati.

Jambo moja ambalo watu hawalijui: ile ya ushindi haikutolewa peke yake. Aliyepata ya ushindi alipata na ya fedha. Kwa hiyo ukikuta ya shaba tu, jua kulikuwa na mwenzake, na uwezekano mkubwa ni kwamba ilienda kwa sonara. Ile ya fedha ni karibu aunsi moja ya fedha nzuri, na fedha iliyopaa bei duniani mwaka 1980 ilifanya nyingi sana ziyeyushwe kila mahali, sio kwetu tu.

*Vita vya pili.* Hapa kuna nyota zenye ncha sita, rangi ya shaba, zimeandikwa jina lake katikati: 1939-1945, Africa, Burma, Italy na nyingine. Utepe wa Africa ni rangi ya mchanga na mstari mwekundu katikati. Wa Burma ni mwekundu katikati na buluu iliyokoza pembeni, ndani ya buluu kuna mstari wa machungwa. Askari wengi wa Afrika Mashariki walipelekwa Burma kwa hiyo nyota ya Burma haishangazi kuikuta Changamwe. Pamoja na nyota huwa kuna mviringo wa rangi ya fedha lakini si fedha, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli: mgongoni simba amesimama juu ya joka la vichwa viwili.

*Miaka ya dharura.* Mviringo wa fedha, mbele Malkia Elizabeth, utepe wa njano wenye kingo nyeusi na mistari miwili ya kijani, na juu yake kibao kidogo kimeandikwa KENYA. Hii ilitolewa kwa waliotumikia upande wa serikali ya mkoloni wakati wa Mau Mau, kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956. Ukiikuta kwa babu yako usikimbilie kuiweka mtandaoni. Kaa na wazee kwanza, maana kuna nyumba ambazo hiyo medali ilifichwa makusudi na sababu wanaijua wao.

Mengine yanayoletwa si medali kabisa. Sarafu ya 20 heller ya mwaka 1916 yenye herufi T, iliyopigwa Tabora na Wajerumani, watu wanaitoboa tundu na kuivaa halafu mjukuu anadhani babu alituzwa. Na kile kikopo cha chuma cha kuvaa shingoni ni cha kipande, karatasi ya usajili ya mkoloni. Nacho kihifadhi, lakini hakikuwa tuzo ya mtu yeyote.

Hatua ya 3: Soma ukingo

Hii ndiyo hatua yenyewe. Zilizobaki zote zinaitumikia hii.

Medali za vita vya kwanza ziligongwa jina la mwenyewe pembeni, kwenye ule unene wa mviringo. Kwa ile nyota ya 1914-15 maandishi yako mgongoni. Zile za dharura zenye kibao cha KENYA nazo zina jina ukingoni. Nyota za vita vya pili za Kiingereza kwa kawaida hazina jina, hilo tutalirudia.

Vaa glovu. Shika medali kwa kidole gumba na cha shahada kwenye kishikio cha juu, sio ukingoni. Zima taa ya chumba. Mulika tochi kutoka ubavuni, mwanga ulale karibu sambamba na ukingo, usiumulike usoni kwa usoni. Maandishi yaliyofifia yanatupa vivuli na yanainuka kama yanatoka majini. Zungusha taratibu, piga picha sita au nane mfululizo mpaka urudi ulipoanzia.

Usijaze chaki wala unga ili herufi zionekane. Chaki inakwaruza, na ikikaa ndani inavuta unyevu.

Utakachosoma kwa kawaida kinakuja kwa mpangilio huu: namba, cheo, jina, kikosi. Cheo ni kifupi, PTE ni askari wa kawaida, CPL koplo, SJT sajenti, ndivyo walivyokuwa wakiiandika zamani, si kosa. Kikosi kikiwa na K.A.R. au kifupi kinachofanana ni King's African Rifles, jeshi la askari Waafrika chini ya Waingereza, na namba iliyo mbele ni ya batalioni.

Jina usilitarajie kuandikwa kama linavyoandikwa leo. Karani aliandika alivyosikia. Mwinyihaji anaweza kuwa Minihaji, Mbwana akawa Bwana, na mara nyingine kuna jina moja tu bila la baba. Andika daftarini herufi kwa herufi kama ilivyo, na isiyosomeka iwekee nukta, usibahatishe. Ukibahatisha mara moja, kesho utaiona kweli.

Kwa nini nashikilia ukingo hivi? Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ilitoa ripoti ikakiri yenyewe kwamba waliokufa vita vya kwanza wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Ile sanamu ya askari pale Jomo Kenyatta Avenue tunapita kila siku, ni askari lakini haina majina ya watu wetu. Sasa wewe unashika kipande cha chuma chenye jina la mtu wa hapa hapa, namba yake na kikosi chake, halafu unakitia ndimu.

Mie mwenyewe nilishafanya hivyo, sijifichi. Ilikuwa ya kaka yake bibi, nikaisugua kwa dawa ya meno jioni nzima nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaipeleka kwa bibi kwa furaha. Bibi hakusema neno, aliipitisha kidole pembeni tu, akanirudishia. Zimebaki herufi tatu.

Umefaulu hatua hii ukiwa na picha kamili za mzunguko na mstari mmoja daftarini ambao mtu mwingine akiangalia picha atasoma vile vile.

Hatua ya 4: Angalia kama ni ya kweli na haijachezewa

Kwa urithi wa nyumbani hatua hii ni ya dakika mbili. Kama unanunua, iwe kwa wauza vitu vya kale Mji wa Kale au kwa mtu wa skrap, kaa nayo.

Pima kipenyo sehemu nne tofauti. Kwa hizi za mviringo iwe milimita 36 kila upande. Ikiwa upande mmoja ni pungufu kidogo, jina la zamani limepigwa tupa na huenda limegongwa jipya. Medali iliyomiminwa kwenye kalibu badala ya kugongwa mashine huwa ndogo kidogo kuliko ya kweli kwa sababu chuma kikipoa kinasinyaa, na uso wake una vitundu kama ngozi ya chungwa. Angalia ukingo kama una mstari wa mshono.

Angalia na seti inaeleweka. Mtu hakuweza kupewa nyota ya Burma na ya Pacific zote mbili, ilikuwa moja na kibao juu yake. Ukiuziwa ubao wenye zote mbili kwa jina la mtu mmoja, mwenye duka amejipangia mwenyewe.

Hatua ya 5: Je, inataka kuoshwa kweli?

Mara nyingi jibu ni hapana.

Weusi kwenye fedha ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa ya hewani, mayai, raba, sufu, moshi. Ukiusugua hutoi uchafu juu ya fedha, unatoa fedha. Kila mara unatoa utando, na herufi za ukingo zina kina kidogo tu, hesabu mwenyewe. Rangi ya kahawia kwenye shaba nayo ni ngozi yake, inailinda. Ndimu na ukwaju ni asidi, zinakula hiyo ngozi, ndio maana sinia linang'aa. Sinia halina jina la mtu. Ile mbinu ya karatasi ya aluminiamu, maji moto na bekingi soda inatoa weusi bila kusugua, kweli, lakini inaacha fedha imepauka, weusi wa ndani ya herufi unatoka na jina linazidi kutosomeka.

Osha tu kama kuna vumbi lililogandana, mafuta, matope au kinyesi cha mende. Kama ni weusi tu, ruka uende hatua ya 8.

Hatua ya 6: Kuosha

Toa utepe kwanza, bila kuukata. Pini ikiwa imeshika kutu na haitoki, iache, usiilazimishe, funga utepe kwa nailoni na uoshe chini yake tu.

Tia maji yaliyotoneshwa kwenye bakuli la plastiki na tone moja la sabuni. Usitumie maji ya mfereji, na ya kisima ndio kabisa, maji yetu mengi ya visima vya kisiwani yana chumvi na chumvi ndiyo adui namba moja wa shaba. Chovya brashi, pitisha taratibu bila kukandamiza, ukitoka katikati kwenda nje. Ukingoni pitisha mara moja tu. Suuza kwa maji mengine masafi mara mbili. Usiloweke ukaenda kuswali ukarudi, kazi nzima isizidi dakika tano.

Kausha kwa kubonyeza kitambaa, usipanguse. Halafu iache mbele ya feni saa nzima, au draya ya nywele kwa upepo baridi. Jua la saa sita usilitumie, linakausha juu huku kwenye kiungo cha kishikio bado maji.

Umefaulu kama imebaki nyeusi vile vile lakini kavu na safi, na kitambaa kimetoka na uchafu wa kahawia. Ikiwa imekuwa nyeupe umekandamiza.

Hatua ya 7: Ukiona kijani

Kuna kijani mbili. Moja ni ngumu, imelala kama rangi, haitoki. Hiyo ni ya uzee, iache.

Ya pili ni unga wa kijani kibichi, uko kwenye madoa madoa, ukiutoa baada ya wiki umerudi. Huu ni ugonjwa wa shaba. Chumvi imeingia ndani, ikikutana na unyevu inakula chuma bila kusimama, na kwa mji huu uliozungukwa na bahari ndio ugonjwa ninaouona zaidi. Kwangua unga kwa kijiti cha meno au mwiba wa nungu chini ya lenzi, doa kwa doa, usiguse pembezoni. Kisha itenge na nyingine, itie kwenye kopo kavu lenye silika jeli nyingi, iangalie kila wiki.

Mafuta ya nazi wanayopaka wazee hayasaidii hapa. Yanaonekana yanazuia hewa, lakini yakichacha yanatoa asidi, na chini yake ile chumvi inaendelea na kazi yake.

Ukiona unarudi mara tatu, acha kujifanyia. Nenda Fort Jesus ukaulize watu wa makumbusho, hao ndio walioshughulika na vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Kireno Santo António de Tanna iliyozama hapo mbele ya ngome mwaka 1697, shaba iliyokaa chumvini karne tatu wanaijua.

Hatua ya 8: Kuweka kwa hewa ya Mombasa

Unyevu wetu mara nyingi unapita asilimia 70, masika ndio usiseme. Fedha na shaba zingependa chini ya 40. Nyumba huwezi kuibadilisha, lakini kopo unaweza.

Kila medali mfuko wake wa zipu. Mfuko uwe mgumu kidogo na usionuke. Ule laini unaonuka kama pazia jipya la bafuni ni plastiki ya PVC, baada ya miaka unatoa asidi na kunata, medali inakuwa kama imelambwa. Mifuko yote itie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, tia silika jeli ndani, funga.

Silika jeli iwe ya rangi ukipata: ya buluu ikigeuka pinki imeshiba maji, ya machungwa ikigeuka kijani vile vile. Unaikausha kwenye oveni kwa nyuzi 110 saa mbili tatu, imwage kwenye trei peke yake, nje ya vipakiti vyake, na isiwe trei ya mahamri. Ya buluu ina kemikali ya kobalti, weka mbali na watoto.

Sasa kuna hili sanduku la Lamu la misumari ya shaba ambalo kila mtu anataka kuwekea medali. Ni zuri na nalipenda, lakini mbao inatoa mvuke wa asidi, na ikifungwa inajaa ndani. Weka sanduku sebuleni, medali kwenye kopo, kopo ndani ya sanduku kama moyo wako hautulii. Mahameli, sufu, karatasi za gazeti na mipira ya rababendi visiguse fedha. Na siku ya kufukiza udi na ubani, kopo liwe chumba kingine limefungwa.

Utepe wa zamani usiufue, rangi zinachuja na kuingiliana. Ukiwa umeoza, nunua mpya wa upana ule ule (nyingi ni milimita 32, ila ule wa medali ya ushindi ni mpana zaidi, karibu 39), ule wa zamani utie bahasha yake na uandike ni wa medali ipi.

Hatua ya 9: Makaratasi, na mambo ya kuuza

Kwa nyota za vita vya pili zisizo na jina, karatasi ndiyo ukingo wako. Kile kisanduku kidogo cha karatasi zilimokuja, kile kikaratasi cha orodha, cheti cha kuachishwa jeshi, kipande, barua, hata picha ya babu na wenzake mbele ya hema. Bila hivyo nyota ya Burma ni nyota ya Burma yoyote ile. Piga picha zote pande mbili, zisipigwe laminesheni kabisa, ile plastiki haitoki tena.

Kama aliyepewa alikufa vitani, tafuta jina lake kwenye tovuti ya CWGC, ni bure, na jaribu tahajia zote ulizoweza kufikiria. Kama hadithi ya nyumbani ni kwamba babu "alizama na meli akienda vitani", anzia kwa meli ya Khedive Ismail: iliondoka Kilindini Februari 1944 na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki kikielekea Ceylon (Sri Lanka ya leo), ikapigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 mwezi huo huo karibu na Maldives. Watu 1,297 walikufa.

Kuuza ni hiari yako na sitakuhukumu, watu wana ada za shule. Lakini usiuze kwa uzito wa fedha, usiuze moja kutoka kwenye seti, na usimwachie mtu "akaiangalie ofisini" bila karatasi iliyosainiwa yenye picha. Ukinunua nawe dai risiti yenye jina la muuzaji. Na kama unafikiria kutuma nje ya nchi, ujue sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 kuwa cha kale na kina masharti yake. Medali za vita hivi viwili zimekuja baadaye, ila kwenye sanduku hilo hilo mara nyingi kuna rupia ya Mombasa ya 1888 imelala chini, na hiyo imo. Uliza makumbusho kabla hujafika posta.

Ukimaliza yote, andika ukurasa mmoja: nani, medali zipi, ukingo unasomeka vipi, zimetoka kwa nani kuja kwa nani. Nakala moja kwenye kopo, nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba tofauti. Na zile picha za ukingo mtumie na shangazi WhatsApp, maana simu yako kwenye feri ya Likoni saa kumi na mbili jioni wala haina dhamana.